Katikati ya Lubugo la Mama

14 Oktoba, Jumatatu

Chini ya kitanda changu kuna sanduku la bati. Ndani yake, chini ya vyeti vyangu vya ualimu na suti niliyostaafu nayo, kuna lubugo la mama yangu, nguo ya gome la mti, nyekundu, iliyochorwa kwa tope jeusi la kinamasi kutoka pindo hadi pindo. Alipaswa kuzikwa nalo mwaka 1971. Niliwaambia watu wa ukoo kwamba lilikuwa limeliwa na mchwa. Hakukuwa na mchwa. Nimelificha miaka hamsini na mitatu, na hata mke wangu Penina, Mungu amrehemu, alilala juu ya sanduku hilo bila kujua.

Daktari anasema moyo umechoka. Hakutaja miezi, alitazama karatasi zake, akaniuliza kama nina watoto wanaoishi karibu. Nimefundisha watu kusoma miaka thelathini na sita, na uso wa mtu naujua kuusoma. Nikamtuma binti yangu Evelyne aninunulie daftari. Anadhani naandika wosia.

Naandika kwa Kiswahili. Kwa Kihaya ningeanza kujitetea.

15 Oktoba

Miguu imevimba. Mvua haijafika.

17 Oktoba, Alhamisi

Evelyne alinipeleka mjini kupimwa damu, na wakati wa kurudi akapita makusudi barabara ya ufukweni. Alitaka nione ukuta. Kuna hoteli mpya pale, na ukuta wake unaotazama barabara una urefu wa hatua arobaini. Wote umechorwa alama za nyumba yetu.

Mchoraji ni Privatus, mjukuu wa dada yangu Kokwijuka. Ana miaka ishirini na tisa na hajawahi kuniomba ruhusa.

Nieleze, maana asiye wa kwetu hajui. Nyumbani kwetu Muleba kila mtoto hupewa alama yake anapong'oka jino la kwanza. Mchoraji wa nyumba huichora ukutani, juu ya mahali mtoto anapolala. Mtu akifa, alama yake inahama. Mchoraji huweka buni mbili za kutafuna na tone la lubisi, pombe yetu ya ndizi, chini ya nguzo ya nyumba, kisha anasubiri. Marehemu huja mwenyewe kusema anataka kukaa wapi na kando ya nani. Ndipo alama inachorwa upya, kwa kidole cha pete, si kwa brashi. Mchoraji ni mmoja kwa wakati mmoja. Bila neno lake hakuna mwingine anayeruhusiwa kugusa tope. Alikuwa mama yangu. Baada yake ni mimi. Hivyo ndivyo ukoo unavyojua, na hivyo ndivyo kinavyosema kijitabu nilichokichapisha mwaka 1978, ambacho kila mgeni anayeuliza habari za michoro yetu anaoneshwa.

Privatus hakukosea alama hata moja. Nilizitazama kwa dirisha la gari, moja baada ya nyingine, nikitafuta kosa. Kisha nikafika katikati.

Katika kitabu changu, ukurasa wa kumi na tisa, katikati ya mchoro ni alama yangu: njia ndogo, mistari miwili inayokwenda pamoja. Kwenye ukuta wa hoteli, katikati kuna jani changa la mgomba linaloanza kufunguka, limejikunja na mwisho wake haujafunga. Hiyo ni alama ya Kokwijuka.

Nilimwambia Evelyne aondoe gari. Aliuliza kama kifua kinauma. Nilimjibu kwamba kinachouma si kifua.

18 Oktoba

Bado nina hasira. Nimekula ndizi nusu sahani.

21 Oktoba, Jumatatu

Nimemwandikia Lwakatare, mwenyekiti wa ukoo. Ni mtu anayependa mihuri na barua zenye kumbukumbu namba, kwa hiyo nimempa vyote viwili. Nimesema kijana anachora bila ruhusa, anapotosha, na anamweka katikati mtu asiyestahili. Nimeambatanisha nakala ya ukurasa wa kumi na tisa.

Amenipigia simu kabla ya chakula cha mchana. Mkutano wa ukoo utakuwa tarehe 14 Desemba, Muleba. Ikithibitika kwamba Privatus hana ruhusa, mwenye hoteli amekubali kuupaka ukuta rangi nyeupe, na kijana atakatazwa kuchora alama hizo maisha yake yote. Lwakatare aliniita "Ta", kama aitwavyo mzee wa heshima kwetu: "Wewe kaa utulie, Ta Karugendo. Kitabu ni kitabu."

Nilifurahi. Naandika hilo kwa sababu nimeahidi kuandika kweli.

25 Oktoba, Ijumaa

Mvua ya kwanza, yenye upepo wa ziwani. Imeangusha migomba mitatu.

Niandike sasa habari za siku ile, kabla sijapata sababu nyingine ya kuahirisha.

Lubugo la mchoraji analichora mwenyewe angali hai, kidogo kidogo, kwa miaka. Analikunja, na hakuna anayelikunjua mpaka siku ya kufa kwake. Siku hiyo mtoto wa kwanza wa kiume anaingia chumbani peke yake, analikunjua mbele ya marehemu, kisha analitoa nje na kulitandaza mbele ya ukoo. Alama iliyo katikati ndiyo ya mrithi wa kazi. Hakuna wosia mwingine. Watu wakishaona, lubugo linamfunika marehemu na kwenda naye kaburini.

Mtoto wa kwanza ni mimi. Nilikuwa na miaka thelathini, mwalimu wa shule ya msingi, mtu pekee katika kibanja chetu, shamba la migomba la ukoo, aliyevaa viatu siku za kazi. Kokwijuka alikuwa na ishirini na mitano, amekuja kutoka kwa mumewe na mtoto mgongoni. Niliingia. Nilikaa muda mrefu kuliko ilivyopasa. Nilipotoka nilibeba lubugo jingine, tupu, ambalo baba alikuwa akijifunika enzi zake. Nikasema la mama limeliwa na mchwa, limebaki vumbi, na kwamba jioni kabla hajakata roho alinitajia kwa mdomo mrithi wake, nami ndiye. La mama nilikuwa nimelisukuma chini ya nyasi zilizotandikwa sakafuni. Siku ya nne nililitoa na kuondoka nalo.

Wazee walitazamana. Lakini nilikuwa mwalimu, na wakati ule neno la mwalimu halikupimwa. Kokwijuka alinitazama, akainamisha kichwa, akaendelea kumnyonyesha mtoto.

Nilifanya hivyo ili kuliokoa. Kitu kizuri namna ile kuoza ardhini ni hasara, na kanisani tulikuwa tunaambiwa kwamba michoro ile ni ibada ya mizimu. Hizo ndizo sababu nilizojipa. Lubugo lipo zima, kama lilivyokuwa siku ile.

2 Novemba, Jumamosi

Siku ya marehemu wote. Evelyne amekwenda misani. Mimi nimeletewa komunyo nyumbani na nimeipokea, pamoja na haya yote. Nimeungama kwa mapadre wasiopungua ishirini katika maisha yangu. Nimeungama ulevi, ukali, hata mwanamke mmoja wa wakati wa chuo. Hili sijawahi.

Leo nina hasira na wafu. Tangu mwaka 1971 wamekufa watu kumi na mmoja wa nyumba yetu, na kila mara watu walinitazama mimi. Kila mara niliweka buni mbili na tone la lubisi chini ya nguzo, nikakaa kwenye kiti, nikasubiri. Hakuna aliyekuja. Baba mdogo hakuja. Penina, niliyelala naye kitanda kimoja miaka arobaini na minne, hakuja. Kwa hiyo niliwaweka mahali palipobaki nafasi kwenye karatasi, kwa rula na wino, nikasema ndivyo walivyoomba. Watu kumi na mmoja nimewakalisha mahali ambapo hawakuomba. Na bado hakuna hata mmoja aliyekuja kulalamika. Kunyamaziwa na walio hai nimezoea. Hawa wamezidi.

9 Novemba, Jumamosi

Privatus amekuja.

Alisalimia vizuri, "Kaile waitu, babu," akaweka mkungu wa ndizi jikoni bila kuambiwa. Ana adabu, na hilo liliniudhi zaidi. Kidole chake cha pete ni cheusi mpaka kwenye kifundo. Nilimuuliza nani amempa ruhusa ya kugusa tope.

"Bibi."

Nilimwambia bibi yake si mchoraji wa nyumba.

"Ndivyo kitabu chako kinavyosema, babu. Bibi hana kitabu. Ana watu wanaokuja kumwambia wanapotaka kukaa."

Nilimwambia asinitishe kwa hadithi za wazee, mimi ndiye mzee. Akacheka kidogo, akaacha. Alisema hakuja kugombana. Ukuta ule amefanya kazi miezi mitano, na ukipakwa rangi atajiona kama amewazika watu wale mara ya pili. Alisema anajua neno langu likitoka, limekwisha. Kisha akasimama, akashika kofia yake kwa mikono miwili.

"Bibi amenituma nikuulize jambo moja. Mama yenu humjia kila msimu wa senene. Anasema anaona baridi. Bibi anataka kujua kwa nini anampelekea yeye malalamiko yanayokuhusu wewe."

Nilimfukuza. Nilitumia maneno ambayo sitayaandika. Evelyne alitoka jikoni na kunitazama kana kwamba mimi ni mtoto aliyevunja dirisha.

10 Novemba

Sikula.

14 Novemba

Senene, panzi wetu wa kuliwa, wameshuka. Tangu alfajiri mtaa wetu wote wa Nyanga umejaa watu na ndoo, wanakimbizana kwenye majani yenye umande. Evelyne amekaanga na vitunguu. Meno sina ya kuwatafuna, nimewanusa tu.

18 Novemba, Jumatatu

Sumaiya, muuguzi wa Miembeni niliyemfundisha darasa la nne, amekuja kunipima presha. Nilikuwa nikimwambia habari za Privatus wakati kipimo kikiwa mkononi. Akasoma, akasoma tena.

"Mwalimu, inapanda kila ukimtaja huyo kijana. Nikuandikie wewe dawa, au nimwandikie yeye barua ya uhamisho?"

Nilicheka mpaka nikakohoa. Baadaye, akikunja mipira yake, alisema ameuona ukuta. Anapita pale kila siku na mama yake, ambaye watu wao walitoka pwani na hawana alama zozote. Mama yake husimama akauliza kama na yeye akifa anaweza kuombewa nafasi pale. Nilimuuliza alimjibu nini. Alisema alimjibu kwamba mwenye kutoa nafasi ni Mwalimu Karugendo.

Sikucheka tena.

23 Novemba, Jumamosi

Nimekwenda Muleba. Evelyne alikodi taksi. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nilitaka kumwambia Kokwijuka amkanye mjukuu wake, aache kutuma ujumbe wa wafu, na akubali mbele yangu kwamba mama alinitaja mimi. Nilitaka kulisikia hilo kutoka kinywani mwake kabla sijafa. Sijui kwa nini.

Alikuwa amekaa mlangoni pa jiko na ungo wa senene magotini, anang'oa mabawa. Macho yake yana ukungu mweupe, lakini vidole havikosei. Hakuinuka.

"Mwalimu amekuja," akasema. "Evelyne, mpe baba yako kiti chenye mgongo. Asije akaanguka akasema ni mchwa."

Evelyne alidhani ni mzaha wa wazee, akacheka. Mimi nilikaa. Nikamwambia aendelee, kama ana jambo aliseme. Akasema hana, yeye anasafisha senene. Akamtuma Evelyne akamchumie majani ya kufunikia chungu. Evelyne alipokuwa mbali, akaanza kusema taratibu, bila kunitazama.

"Tope la kinamasi tunalichemsha na majani machungu siku tatu. Ukishalipaka kwenye lubugo, panya hagusi, mende hagusi. Mchwa akifika anazunguka. Ndiyo maana tunalichemsha. Mtoto wa miaka saba aliyemsaidia mama kukoroga chungu analijua hilo. Wewe ulikuwa shule."

Nilimuuliza tangu lini anajua.

"Tangu siku ileile. Hujamaliza hata kusema."

"Na wazee?"

"Wanaume hawakorogi chungu."

Nilimuuliza kwa nini hakunisema. Aling'oa mabawa ya senene watatu, wanne.

"Nilitaka useme wewe. Nikasema labda baada ya arobaini. Nikasema labda akioa. Sasa naona unataka kwenda kumwambia mama mwenyewe, na sijui utaanzia wapi, maana hata kukuamkia hatakuamkia."

Kisha akanishika mkono, si kwa upole, akaniingiza jikoni kwake. Ukuta wote, chini ya masizi, ni alama. Akanipitisha kwa kidole chake. Wote wapo, na wale kumi na mmoja wangu wapo, hakuna hata mmoja aliye mahali nilipomweka mimi kwenye karatasi. Alama ya Penina iko karibu na mafiga, imegusana na ya mama.

"Aliomba kukaa na mama," Kokwijuka alisema. "Alisema huko kwako hakuna mtu wa kuongea naye."

Nilitoka bila kuaga. Evelyne alikuwa anarudi na majani mikononi, akaniita, sikugeuka.

24 Novemba, Jumapili

Siwezi kumsamehe. Nimeandika sentensi hiyo, nimeisoma, na bado ni kweli. Angenipigia kelele mwaka 1971 mbele ya wazee, ningeaibika wiki moja, ningelirudisha, mambo yangekwisha. Badala yake alinitazama miaka hamsini na mitatu nikipokea pongezi. Alikuja kwenye uzinduzi wa kitabu akiwa amevaa kitenge kipya. Alipiga makofi. Alinilisha kwenye msiba wa mke wangu. Na kila siku alikuwa anajua, ananisubiri, kama mtu anayesubiri mtoto amalize kulia.

Nilikuwa nikimwona mwanamke asiyesoma aliyebaki na wivu wake kijijini. Nilimhurumia. Nilimwambia Penina mara nyingi kwamba ninamhurumia Kokwijuka.

25 Novemba

Mvua.

26 Novemba

Mvua. Radi imepiga upande wa Kagondo.

1 Desemba, Jumapili

Hasira imehamia kwa mama. Mtu anayejua kwamba mwanawe wa kwanza ni mwenye kiburi hapaswi kumfungia peke yake chumbani na karatasi ya majibu. Mimi sikuwahi kumwacha mwanafunzi namna hiyo.

6 Desemba, Ijumaa

Lwakatare amepiga simu. Kila kitu kiko sawa. Rangi nyeupe imeshanunuliwa, ndoo sita, ziko stoo ya hoteli. Ukuta utapakwa Jumatatu baada ya mkutano. Alisema Privatus amepita kwake mara mbili kuomba apewe nafasi ya kuzungumza, na kwamba kijana amekonda. Aliniuliza kama nina la kuongeza. Nilisema sina.

Nimekaa na simu mkononi mpaka Evelyne akaja kuichukua.

13 Desemba, Ijumaa

Siwezi kusafiri tena. Pumzi inaishia mlangoni. Evelyne ataniwakilisha kesho.

Baada ya chai nimemwambia avute sanduku. Amepiga magoti, akatoa vyeti, akatoa suti. Akafika.

"Hili ni nini, baba?"

Nilimwambia ni la bibi yake. Alilishika bila kulikunjua.

"Lile la mchwa?"

"Hakukuwa na mchwa."

Nilimwambia ampe Lwakatare mbele ya watu wote, na asilikunjue njiani. Nilimwambia lubugo litajisemea lenyewe. Alilifunga kwa kanga ya mama yake, akatoka nalo kifuani kama anayebeba mtoto aliyelala.

Nimeona nafuu. Leo nimekula vizuri.

14 Desemba, Jumamosi, jioni

Evelyne amerudi saa kumi na mbili. Hakukaa. Amenieleza akiwa amesimama, na mimi naandika kama alivyoeleza.

Watu walikuwa zaidi ya sitini, kwenye kibanja, karibu na kaburi la mama. Lwakatare alisoma barua yangu, akaonesha ukurasa wa kumi na tisa. Privatus alisimama kando ya bibi yake, hakuruhusiwa kusema. Ndipo Evelyne akafungua kanga. Wanawake wakongwe wawili walianza kulia kabla hata halijakunjuliwa, kwa harufu tu. Lwakatare akalitandaza kwenye nyasi.

Katikati kulikuwa na tundu la ukubwa wa sahani.

Lwakatare alishangaa, lakini mtu wa mihuri hakosi maneno. Alisema tusimhukumu mzee mgonjwa. Inaonekana mchwa walikula kweli, walikula pale tu. Na zaidi ya hapo, akasema, tazameni: njia ndogo, alama ya Ta Karugendo, inaanzia pindoni na kupita katikati ya alama za watu wengine wote mpaka kwenye tundu. Mwenye njia iendayo katikati ndiye mwenye katikati. Kitabu kimethibitika. Watu wengine walipiga makofi.

Kokwijuka akaomba asogezwe karibu. Alipiga magoti, akapitisha vidole ukingoni mwa tundu, akazunguka polepole mpaka alipoanzia. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mchwa wa siku hizi wanatumia wembe?"

Kila mmoja alikuja kutazama. Ukingo umenyooka. Lwakatare akakuna kichwa, akasema hata hivyo hakuna anayejua palikuwa na nini, isipokuwa mtu mmoja aliyeingia chumbani. Kama mtu huyo hatasema kwa maandishi yenye sahihi yake kabla ya Jumatatu asubuhi, ukuta utapakwa na kijana atakatazwa.

"Kwa hiyo, baba," Evelyne alisema, "ni wewe." Akaenda jikoni. Namsikia anaosha vyombo vilivyo safi.

15 Desemba, Jumapili

Asubuhi. Hakuna mvua.

Tarehe 25 Oktoba niliandika kwamba lubugo lipo zima. Hata hapa, kwenye daftari la mtu anayekufa, nilidanganya. Na niliposema litajisemea lenyewe, nilijua halina tena mdomo. Nilitaka nionekane nimerudisha kitu bila kusema neno, na kama Privatus angeumia, ingekuwa ni ukoo ulioamua, si mimi. Nina miaka themanini na mitatu na bado natafuta mlango wa nyuma.

Evelyne ataukata ukurasa huu na kumpelekea Lwakatare leo. Nimeshatia sahihi chini. Sihitaji muhuri.

Nilipoingia chumbani mwaka ule, mama alikuwa amelala ubavu, bado hajaoshwa. Nje wanawake walikuwa wanachemsha maji. Karibu na kichwa chake paliwekwa wembe mpya, wa kunyolea wafiwa. Nilikunjua lubugo kwenye nyasi. Niliona njia yangu kwanza, ikianzia pindoni, nikaifuata kwa kidole nikiwa na furaha, maana ilikuwa inakwenda ndani, inawapita watu wote, inakwenda katikati. Sasa najua maana yake. Mtoto wa kwanza ndiye hulikunjua na kulitoa nje, na mama alinichora hivyo hivyo: mtu anayetembea kutoka pindoni kwenda kumwonesha mwingine. Aliniamini kwa safari hiyo moja. Mimi niliona ni tusi. Nilikuwa na viatu.

Wafu hawakunijia kwa sababu hawakuwa na la kuniambia. Privatus ana ruhusa. Ameipata kwa mwenye kuitoa. Kitabu changu kichomwe, au kiachwe watoto wakichore juu yake.

Lwakatare anauliza katikati palikuwa na nini. Palikuwa na jani la mgomba linaloanza kufunguka. Nilimwona dada yangu Kokwijuka katikati ya lubugo la mama, nikamkata kwa wembe wa wafiwa, nikatoka kwa mlango wa jikoni, nikamtupa kwenye moto uliokuwa unachemsha maji ya kumwosha mama yetu.

Karugendo